Kabla Hujajibu Kwenye Grupu: Mwongozo Kamili wa Kusoma Meseji Hadi Mwisho

Siku ile nilikuwa ndani ya daladala, kituo cha Mwenge, nimebanwa kati ya dirisha na mama mwenye ndoo ya samaki. Simu ikalia. Grupu la ukoo: picha ya babu yetu mdogo amevaa suti ya kijivu, anatabasamu, na chini yake mstari mmoja tu uliotosha kuonekana, "Familia ya mzee wetu wa Moshi pamoja na ukoo wote kwa ujumla..." Nilichojua mimi ni kwamba babu na bibi walikuwa wanakaribia kutimiza miaka hamsini ya ndoa. Nikajibu hapohapo, bila hata kulifungua grupu: "Hongereni sana! Mungu azidi kuwatunza." Nikaweka na maua matatu.

Dakika mbili baadaye mama mdogo akanipigia. Hakungoja shikamoo. Aliuliza neno moja: "Umesoma?"

Nikafungua. Mstari ule uliendelea: "...inasikitika kutangaza kifo cha..." Watu ishirini na saba walikuwa wameshaandika pole zao. Hongera yangu imekaa katikati yao kama mtu aliyeingia msibani anapuliza vuvuzela.

Baada ya aibu ile nimekuwa katibu wa kamati nne za harusi na admini wa grupu la wazazi shuleni, na katika zote nimeona jambo moja likijirudia. Ugomvi mwingi wa kwenye magrupu hauanzi kwa mtu kuandika vibaya. Unaanza kwa mtu kusoma nusu, kisha akajibu ile nusu. Huu hapa ni utaratibu ninaoufuata sasa, hatua kwa hatua. Hautakuchukulia muda kama unavyodhani: meseji mia na kitu ninazimaliza huku wali unakauka jikoni.

Hatua ya 1: Usijibu kutokea nje

Simu za siku hizi zinakuruhusu kujibu meseji kwenye kile kidirisha kinachoshuka juu ya kioo, bila kuingia WhatsApp. Kwa mtu mmoja anayekuuliza "umefika?" hakuna tatizo. Kwa grupu, achana nacho kabisa. Pale unaonyeshwa mwanzo wa meseji, na sisi Waswahili mwanzo wa meseji hatuweki jambo, tunaweka salamu.

Angalia jinsi tunavyoandika. "Habari za jioni wapendwa. Natumaini mu wazima wa afya na mnaendelea vyema na majukumu ya kila siku. Kwanza niwashukuru wote mlioshiriki kikao chetu cha Jumapili..." Hapo umeshamaliza mistari minne na bado hujaambiwa kitu. Jambo lenyewe liko chini, na mara nyingi liko chini zaidi ya ile alama ya "soma zaidi" ambayo WhatsApp huiweka meseji ikiwa ndefu. Ibofye. Na ukishaibofya usiishie kwenye jina la mwandishi na "wenu katika ujenzi wa familia", kwa sababu watu wengi wakimaliza kuandika hukumbuka kitu, wakakiongeza kama NB. Mimi nimeshaona NB iliyosema kikao kimehamishwa kutoka ukumbi wa kanisa kwenda nyumbani kwa mwenyekiti. Watu tisa walikwenda kanisani.

Hatua ya 2: Anzia ulipoachia, si mwisho

Ukifungua grupu lenye meseji mpya, WhatsApp hukuweka kwenye mstari unaoonyesha zilipoanzia zile ambazo hujasoma, mathalani 143. Kidole cha mtu mwenye haraka hukimbilia kile kimshale cha kushuka chini kabisa, asome tatu za mwisho, ajibu. Kibaya ni kwamba ukishaingia mara moja ukatoka, ule mstari hauko tena na hesabu imefutika. Kwa hiyo, kama huna muda wa kusoma, usifungue. Kama umeshafungua na abiria mwenzako anakuomba upishe, rudi kwenye orodha ya magrupu, bonyeza lile grupu kwa muda, kisha chagua kuliweka kama halijasomwa. Meseji ulipoishia haitakumbukwa, ila kile kidoti kitakukumbusha kwamba una deni.

Sasa zile 143. Usizisome zote kwa uzito mmoja. "Amina", stika, "mko vizuri", vikopa na mikono iliyofumbatwa, zipite. Simama palipo na tarakimu, tarehe, jina la mtu, alama ya kuuliza au faili. Ukiona kialama cha @ pembeni, kuna mtu amekutaja kwa jina. Kibonyeze kikupeleke pale, ujue unadaiwa nini, kisha rudi juu uendelee kusoma kwa mpangilio. Watu wengi wakishaona wametajwa husahau hayo mengine yote.

Nikuonyeshe kwa nini mpangilio una maana. Hii ni kamati moja, jioni moja, nimefupisha kidogo:

Mweka hazina: "Ukumbi wanataka 2,400,000 kabla ya Ijumaa."
Mjumbe: "Na mapambo?"
Mweka hazina: "Mapambo wanasema laki 8 pembeni."
Shangazi wa bibi harusi: "Hapana jamani, hiyo kubwa. Yule meneja nimesoma naye, ngoja nimpigie."
(Zikapita kama arobaini za sare, na mtu mmoja aliyetuma mahubiri.)
Shangazi: "Ameshusha. 2,100,000 na mapambo yamo."
Mwenyekiti: "Safi sana shangazi!"

Saa 3 usiku akaingia kaka wa bwana harusi. Aliona tarakimu mbili za kwanza, akazijumlisha, akaandika: "Milioni 3 na laki 2 kwa ukumbi ule? Mnatuona sisi ATM?" Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba alikuwa anajibu bei ya saa 11 jioni. Shangazi akaona ametukanwa baada ya kuokoa milioni moja na laki moja, akatoka kwenye grupu, na kumrudisha kulituchukua siku tatu na ujumbe wa wazee wawili. Kama yule kaka angeshuka mpaka mwisho kabla ya kujibu, angeandika "safi sana shangazi" kama wengine.

Kanuni ninayoishika hapa: jambo likikuchoma katikati ya safari, liwekee nyota au likumbuke, lakini usijibu mpaka ufike chini. Nusu ya maswali yako utakuta mtu mwingine ameshauliza na kujibiwa.

Ukishindwa kulipata jambo ambalo unajua lilishasemwa, tumia kitafutio cha grupu. Hapo kuna ujanja mdogo: usitafute kitenzi. Kitenzi chetu kinabadilika kichwa na mkia. Mmoja ameandika "tumelipa", mwingine "italipwa", wa tatu "wamelipia". Tafuta jina la kitu lisilogeuka, kama "ukumbi", "sare", "keki", au andika tarakimu yenyewe.

Hatua ya 3: Soma kitenzi silabi kwa silabi

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoangukia. Kiswahili kinaficha mambo makubwa ndani ya silabi moja. Anayekimbiza macho anaona "lipa" na "fundi", anajaza mwenyewe kilichobaki.

Chukua hizi mbili: "Fundi hajaleta sare" na "Fundi hakuleta sare." Ya kwanza inasema tungoje, bado zinakuja. Ya pili inasema muda umepita, tafuteni fundi mwingine. Mtu akiisoma ya kwanza kama ya pili, kesho yake anaingia Kariakoo kununua vitambaa upya.

Au hizi, ambazo kila mweka hazina anazijua: "Nimemlipa shangazi elfu hamsini" na "Nimemlipia shangazi elfu hamsini." Herufi moja imeongezeka. Katika ya kwanza hela imeingia mkononi kwa shangazi. Katika ya pili imeingia kwenye kamati, kwa jina la shangazi. Ukiziandika kwenye daftari bila kutulia, shangazi atadaiwa mchango ambao ameshalipiwa, na hilo neno halitaisha hata watoto wa ndoa hiyo wakianza shule.

Angalia pia "si" na "ki". "Mkimlipa mpishi leo", "msimlipe mpishi leo", "msipomlipa mpishi leo": zote zina mpishi, zina leo, zina kulipa, na kila moja inakutuma njia yake. Vilevile "akija na risiti tumpe" si sawa na "alikuja na risiti tukampa". Moja ni agizo, nyingine ni habari ya jambo lililokwisha. Nimewahi kuona mtu akilipwa mara mbili kwa sababu habari ilisomwa kama agizo.

Halafu kuna herufi H. Wenzetu wengi huidondosha: "apa", "uyu", "atuna". Wengine huiongeza pasipo pake: "hamesema", "hamefika". Sasa mtu wa aina hiyo akikuandikia "MC atakuja", amekuambia nini? Atakuja, au hatakuja? Dawa yake ni rahisi: panda juu usome meseji zake tatu nne za nyuma. Ukikuta "apo", "ivi", "awajafika", ujue mwandishi huyu H kwake ni bahati nasibu, na hiyo "atakuja" usiipangie gari. Muulize kwa namna ambayo jibu halihitaji H: "Yaani MC yupo, au tutafute mwingine?" Fanya hivyohivyo kwa wanaobadilishana L na R, usije ukaenda kwenye kikao cha kura ukidhani ni cha kula. Na kwa vijana wa "cjalipa" na "ckulipa", ile c ni "si". Anayeisoma haraka anaiona kama doa kwenye kioo, na mdaiwa anageuka kuwa mtu aliyelipa.

Viwakilishi navyo vina mitego miwili. Wa kwanza ni "a-", ambayo haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, wala ni yupi kati ya waliotajwa. "Mama ameongea na mwenyekiti, amesema hatoi." Nani hatoi? Kama tayari una hasira na mwenyekiti, utasoma mwenyekiti. Wa pili, na huu ni mbaya zaidi, ni "tu-". "Tumekubaliana sare iwe ya kijani." Nyie nani? Kamati nzima? Upande wa bwana harusi? Mwandishi na dada zake wawili jikoni? Kabla ya kuandika "sisi hatujakubaliana na lolote", uliza hiyo "tu-" ina watu wangapi ndani yake. Mara nyingi utajibiwa "mimi na fundi tu, lilikuwa wazo".

Hatua ya 4: Tazama saa na siku

Meseji ya saa 6:40 usiku inayosema "kesho mapema tukutane" inazungumzia siku gani? Aliyeandika hajalala bado, kwake kesho ni kukishakucha. Aliyeisoma asubuhi anahesabu siku nyingine mbele. Kwa hiyo kabla hujasoma neno kesho, soma ile saa ndogo iliyoandikwa pembeni ya meseji. Kama ni usiku wa manane, uliza jina la siku: Ijumaa au Jumamosi?

Na saa yetu ina pande mbili. Simu inaandika 19:00, mdomo unasema saa 1 usiku. Ndugu wa Nairobi aliandika "kikao 10", akimaanisha saa 4 asubuhi kwa hesabu yetu. Sisi wa Dar tukajipanga kwa saa 10 jioni. Alikaa mwenyewe na soda yake kutwa nzima. Tarakimu isiyokuwa na asubuhi, mchana, jioni au usiku pembeni yake bado haijawa saa, ni namba tu. Kama kikao ni cha simu na kuna ndugu Muscat, wao wako saa moja mbele yetu. Wa London wako nyuma yetu, saa mbili wakati wao wa kiangazi na saa tatu wakati wao wa baridi.

Hatua ya 5: Voisi sikiliza mpaka mwisho, skrinshoti itazame juu

Wazee wamepumzika kuandika. Sasa hivi baba mkubwa anatuma voisi ya dakika sita, na dakika ya kwanza yote ni shukrani na historia ya ukoo. Jambo analisema anapokaribia kuchoka. Ukijibu ukiwa dakika ya pili, umejibu historia. Unaweza kuongeza kasi ya voisi ikaenda mara moja na nusu au mara mbili. Kwa baba mkubwa mwenye kuongea taratibu, mara moja na nusu anakuwa mtangazaji wa mpira na kila neno unalisikia. Kama uko mahali huwezi kusikiliza, andika hivyo: "Shikamoo baba, nimeona voisi yako, nitaisikiliza nikifika nyumbani." Hilo ni jibu kamili na lina adabu. "Sawa baba" kwa voisi ambayo hujaisikiliza ni hatari; mimi nilishakubali hivyo kuwa mwenyeji wa wageni kumi na wawili.

Skrinshoti ya muamala ina vitu vinne vya kutazama kabla ya kuandika "imepokelewa, asante": jina la aliyepokea, kiasi, tarehe na saa. Watu hutuma skrinshoti ya zamani bila kukusudia, hasa wenye kulipa kwa awamu. Ikiwa imekatwa juu au chini, omba nzima bila kumshutumu mtu.

Na ikija meseji yoyote inayobadilisha namba ya kupokelea michango, hata kama imetoka kwenye simu ya mweka hazina mwenyewe, acha kusoma, piga simu, sikia sauti yake. Sote tumekulia kwenye zile za "ile hela tuma kwa namba hii". Siku hizi matapeli wameacha kubahatisha. Wanateka akaunti ya mtu na kuandika kwa jina lake.

Faili za PDF? Zifungue. Jina la faili si yaliyomo.

Hatua ya 6: Kilichosambazwa kina mishale

Meseji iliyotoka kwingine huja na mshale mdogo juu yake. Mishale miwili iliyofuatana ina maana imepita mikono mingi, mara tano au zaidi kutoka kwa aliyeiandika. Tangu 2020 WhatsApp hairuhusu za namna hii kupelekwa zaidi ya grupu au mtu mmoja kwa wakati, na ni kwa sababu ya madhara yake. Cha kushika hapa ni kwamba meseji iliyosambazwa inapoteza tarehe yake ya kuzaliwa. Saa unayoiona pembeni ni ya kutumwa kwenye grupu lenu. "Kesho maji yatakatika mji mzima" inaweza kuwa kesho ya mwaka juzi.

Kabla ya kujibu "jamani, tahadhari!" na kuipeleka mbele, tafuta ndani yake jina la taasisi, tarehe kamili na mahali. Kama vyote vitatu havimo, jibu lako liwe swali kwa aliyeileta: umeipata wapi? Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya nayo ina yake ya 2018, na zote zilitungwa zikigusa kusambaza taarifa za uongo. "Nimetumiwa tu" hakumsaidii mtu sana akishaitwa.

Hatua ya 7: Msome na mwandishi

Maneno yaleyale yanabeba uzito tofauti kulingana na mdomo. Mzee anayeandika KWA HERUFI KUBWA TUPU hakufokei. Hajui zinavyozimwa, au macho yake yanazipenda hivyo. Kijana wa miaka ishirini na tano akifanya hivyo, huyo kweli anafoka.

"Sawa" ni neno ninalolisoma kwa tahadhari kuliko yote. "Sawa" ya fundi ni kwamba amesikia. "Sawa mama" ni kwamba amekubali. "Sawa." yenye nukta, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuweka nukta maishani mwake, ni kwamba amekasirika. "Sawa tu" ni kwamba amekasirika na atalitaja jambo hili mwaka 2040. Na "haya" ya shangazi, peke yake, bila kitu mbele wala nyuma, ni ya kupigia simu, haijibiwi kwa maandishi.

Harusi zinazovuka mpaka zina lugha yake. Mkwe wa Nairobi akiandika "nipe hiyo list", Mtanzania anasikia amri, kwa kuwa yeye amezoea "naomba orodha tafadhali". Kwa mwenzetu hiyo ni lugha ya kawaida na pengine ameiandika akicheka. Na yeye akisoma "naomba" zetu na "samahani kwa usumbufu" zetu, anajiuliza mbona tunazunguka. Soma kwanza mtu katoka wapi, ndipo upime ukali wake.

Tazama pia ni nani bado hajasema. Kwenye grupu la ukoo, kama jambo linawahusu wazee na hakuna mzee hata mmoja aliyejibu, ukimya huo nao ni sehemu ya ujumbe. Ngoja.

Hatua ya 8: Andika, usitume, rudi juu

Andika jibu lako. Kabla ya kubonyeza, panda kwenye ile meseji unayoijibu, uisome mara ya pili ukiwa umeshaandika. Ni ajabu jinsi inavyobadilika. Hasira ikishahamia kwenye kidole, macho huona vizuri zaidi. Mara nyingi nimekuta neno "pia" au "bado" ambalo sikuliona, nikafuta aya nzima niliyoipenda.

Likiwa jambo zito, anza jibu kwa kurudia ulichoelewa: "Nilivyoelewa, mpishi hajalipwa ile nusu ya pili na anaitaka Alhamisi, sivyo?" Ukiwa umekosea, utarekebishwa kwa mstari mmoja badala ya kujibizana mistari hamsini. Tumia kujibu kwa kunukuu, ile ya kuiburuta meseji pembeni, maana "ndiyo" yako ikianguka chini ya swali la mtu mwingine itakuwa umekubali lingine.

Kisha soma jina la grupu lililo juu. Mengine nakuachia uyakumbuke mwenyewe.

Hatua ya 9: Orodha

Orodha ya michango inastahili hatua yake. Mnaijua: katibu anaweka majina, kila mtu anainakili, anaongeza jina lake chini, anaibandika upya. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, atakayebandika wa mwisho anamfuta mwenzake. Hakuna aliyekusudia, lakini aliyefutwa anaona amedharauliwa.

Kwa hiyo: nakili orodha ya chini kabisa, si ile uliyoiona kwanza. Ongeza jina lako. Usiibandike kwanza, shuka uone kama kuna nyingine imeingia wakati unaandika. Ikiwa imeingia, nakili hiyo mpya uanze tena. Mwisho hesabu. Kama ya juu ilikuwa na watu 22, yako iwe na 23. Ikibaki 22, kuna mtu umemmeza, na kwa uzoefu wangu huwa ni yule aliyeahidi laki mbili.

Ukishakosea

WhatsApp inakuruhusu kurekebisha meseji ndani ya dakika 15 tangu uitume, nayo itawekewa alama kwamba imehaririwa. Baada ya hapo inabaki kuifuta. Mimi siku hizi sifuti kosa la kusoma, kwa sababu kufuta kunaacha kovu linalosema hapa palikuwa na meseji, na grupu zima linaanza kuulizana ilisema nini. Waliowahi kuiona wanawasimulia ambao hawakuiona, na wanaongeza chumvi. Afadhali uinukuu mwenyewe na kuandika: "Samahanini, hili nilisoma nusu." Maneno manne, na wengi wataishia kukucheka kidogo tu.

Ile hongera yangu niliifuta, kwa kuwa nilikuwa sijajua haya. Kabla daladala haijafika Ubungo, watu sita walikuwa wameshauliza nimefuta nini, na binamu yangu alikuwa na skrinshoti. Nilipofika Moshi kwa maziko sikusalimia mtu njiani, nilikwenda moja kwa moja kwa bibi, nikapiga magoti, nikamweleza mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza hiyo grupu ni nini. Simu yake ni ya kitochi.